Kabla ya Kuwapandisha Watoto Chomboni

Likizo ndefu ya skuli huanguka mwezi wa Disemba, wakati pepo za kaskazi zimekwisha kushika, na ndio wakati ambapo baadhi ya jamaa zetu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo huikumbuka bahari. Ndugu wawili watatu huchangiana fedha, wakakodi mashua au jahazi dogo, wakapakia mikeka, mchele, maji ya kunywa, jiko na mishipi, kisha wakapanda wao na wake zao na watoto, wakenda kuvua na kulala huko huko chomboni usiku mmoja au miwili. Hatulitaji jambo hili kwa lawama. Tungependa lizidi. Lakini tunaona ni wajibu wetu kusema, kwa wenye kukodi na kwa wakuu wanaohusika kadhalika, kwamba namna vyombo hivi vinavyochaguliwa, na namna vinavyoondoka pwani, hairidhishi hata kidogo.

Kulala baharini si desturi tuliyoazima kwa wageni. Wavuvi wa visiwa hivi wamekuwa wakienda dago tangu zamani. Watu wa Kojani, kule Pemba, wanajulikana mwambao mzima kwa safari hizo, ambazo huwaweka mbali na kwao kwa wiki kadhaa wakifuata samaki. Kijana aliyefuatana na wazee wake dago alirudi akiyajua maji, upepo na nyota, na akijua pia kunyamaza nahodha anapoamuru. Leo mtoto wa Kikwajuni au wa Michenzani aweza kumaliza skuli akiwa ameiona bahari kutoka Forodhani tu, akila pweza wa kuchoma bila ya kujua kwamba huyo hutafutwa mwambani maji yakitoka. Mzazi anayemchukua mtoto kama huyo akamfunza kutia chambo na kumngojea changu amefanya jambo la maana, na hatuwezi kukubali liitwe anasa.

Shida huanzia kwenye kuchagua. Mtu wa mjini akitaka kukodi chombo, mara nyingi hamkuti nahodha. Hukutana na dalali, yule ambaye mitaa yetu imempa jina la papasi, na mazungumzo huwa juu ya bei, ya kivuli na ya magodoro. Turubali ni jipya, rangi ya ubavuni inang'aa, na mito ipo. Nahodha na mabaharia wake hujulikana alfajiri ya safari, wakati watoto wamekwisha vua viatu na wamo majini mpaka magotini, na haya ya kurudi nyuma imekwisha kuwa kubwa kuliko hofu.

Mwenzetu mmoja wa chumba hiki cha habari alikodi namna hiyo. Familia yake ilikuwa watu kumi na mmoja, sita kati yao watoto. Aliambiwa kwamba chombo kinabeba kumi na watano, na aliyemwambia hakuwa mwenye chombo wala nahodha wake. Walitia nanga karibu na pwani saa kumi na moja jioni, maji yamejaa, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Wakavua tasi na changu, wakapika. Kabla ya saa nne ya usiku chombo kilikuwa kimekaa juu ya mwamba na kimelala ubavu, sufuria ya wali imemwagika, na watoto wamekusanyika upande mmoja wameshikilia kamba. Maji yaliporudi alfajiri, yaliingia chomboni kwanza ndipo yakakiinua, kwa kuwa mbao mbili zilikuwa zimeachana. Jaketi za kujiokolea zilikuwa nne, zote za watu wazima. Hakuumia mtu. Mwenye chombo, alipoulizwa baadaye, alisema bahari ndivyo ilivyo.

Sisi twasema bahari ilikuwa vile vile inavyokuwa kila mwezi, na kosa lilikuwa la watu. Mwezi unapoandama na unapopevuka maji yetu huwa ya bamvua, na tofauti baina ya kujaa na kutoka, hapa Unguja, hufika kadiri ya mita nne. Palipo na pima mbili maji yakiwa yametoka patakuwa na pima nne na zaidi yakijaa; na palipo na pima mbili maji yakiwa yamejaa, patakuwa pakavu. Hakuna nahodha asiyejua hayo. Aliyejua akatia nanga pale kwa sababu abiria walitaka kuwa karibu na pwani, huyo hakuwa nahodha usiku ule. Alikuwa mtumishi wa mezani.

Tunalitaja hili kwa sababu siku hizi twasikia watu wakitamani nyumba zinazoelea, zenye vyumba na vitanda, kama walivyoziona katika picha za nchi nyingine. Huko Kerala, kusini mwa Bara Hindi, mashua kubwa za kubebea mpunga zimegeuzwa nyumba za kukodisha, nazo ni nzuri. Zimeshonwa kwa kamba za makumbi, ufundi ulio jamaa wa mtepe wetu wa zamani. Lakini zile huelea katika maziwa na mifereji iliyotulia. Chombo kirefu kwa kimo, chenye paa na kuta za kupokea upepo na chini kikawa bapa, kikiwekwa mbele ya Shangani siku ya upepo mkali, hakitampa usingizi aliyelala ndani wala anayekitazama kutoka ufukweni. Kwa bahari hii tunayo mashua na jahazi, vyenye mkuku na vilivyoundwa na mafundi walioyajua maji haya. Mwenye kutaka kivuli aongeze turubali la kukunjika, ambalo upepo ukizidi huteremshwa mara moja.

Basi mwenye kukodi aangalie nini? Tuliwauliza wazee wachache wa Malindi na wa Nungwi, na jambo la kwanza walilolitaja halikuwa injini wala tanga. Walisema: inua mbao za sakafu utazame ngama. Maji kidogo ndani ya ngama hayashangazi katika chombo cha mbao. Maji mengi asubuhi, katika chombo kilichokaa usiku kucha bila mzigo, ni habari ya kutosha, na hapo mtu apige kumbo maneno ya bei akatafute kwingine. Baada ya hapo apitishe kidole penye maungio ya mbao aone kama kalafati imeshika au imefunikwa kwa rangi tu. Aulize nanga ni ngapi, na amari ina urefu gani. Nanga moja yenye kamba fupi yatosha kwa mvuvi aliye macho, haitoshi kwa watu waliolala. Aone taa, aone upo wa kukumbia maji, na aone jaketi za kujiokolea kwa macho yake, moja kwa kila mtu na za kimo cha watoto kwa watoto. Mtoto wa miaka mitano aliyevishwa jaketi ya mtu mzima huchomoka kwa chini akitumbukia.

Jiko nalo lina hatari ambayo wengi hawaifikirii. Mabaharia wa zamani walipika juu ya kasha la mchanga, penye upepo, na walikuwa na sababu. Jiko la makaa likiingizwa chini ya turubali lililofungwa pande zote, kwa ajili ya baridi ya alfajiri au mvua, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala hawaamki. Na palipo na mashine na galoni la petroli, jiko liwe mbali nalo kadiri urefu wa chombo unavyoruhusu. Mambo mengine ni madogo: tasi ana miiba yenye sumu, asishikwe na mtoto, na bunju, ajapokuwa kichekesho anapovimba, arudishwe majini, asipikwe.

Mahali pa kwenda pia ni sehemu ya kuchagua chombo, wala si jambo la kuamuliwa njiani. Kaskazi ikivuma, pwani ya magharibi hupata hifadhi ya kisiwa chenyewe, na maji yaliyo mbele ya mji huwafaa wanaoanza. Kusi inapovuma, yaani baada ya masika, upande wa Kizimkazi na Makunduchi uachiwe wenyeji wake. Mkondo wa Nungwi si mahali pa familia wakati wo wote. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa upepo na mawimbi, na nahodha asiyeusikiliza kwa madai ya kuwa ana uzoefu wa miaka mingi aulizwe kwa nini wenye uzoefu kama wake husikiliza. Tena si kila mwamba unaruhusiwa kuvuliwa. Mwamba wa magharibi ya Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994, na Ghuba ya Menai, iliyotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, ina masharti yake juu ya zana za kuvulia. Ni aibu kumpeleka mtoto baharini mara ya kwanza ukamfunza kuvunja sheria.

Hayo ni ya mwananchi. Sasa tugeuke kwa wakuu.

Nchi hii haihitaji kukumbushwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kupita idhini yake. Na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe. Katika msiba wa kwanza, moja ya mambo yaliyozidisha uchungu ni kwamba orodha ya waliopanda haikuwa ya kuaminika, na jamaa walikaa siku nyingi wakihesabu wenyewe nani hayupo. Tangu hapo macho ya serikali, na kwa haki kabisa, yamekuwa juu ya meli kubwa zinazotia gati Malindi. Lakini mashua iliyobeba familia tatu huondoka ufukweni bila ya gati. Ikichelewa kurudi, atakayejua ni bibi aliyebaki nyumbani, naye hajui chombo kinaitwaje wala kimeelekea upande gani.

Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ina wataalamu wa kukagua chombo na kusema kinafaa watu wangapi. Tunaomba idadi hiyo iandikwe kwa rangi ubavuni mwa kila chombo kinachokodishwa, kwa tarakimu ambazo mtu aliyesimama ufukweni aweza kuzisoma, na mtoto mchanga ahesabiwe kuwa mtu. Idadi ya mchana na ya kulala zisiwe moja, kwa kuwa watu kumi na watano walioketi hawawezi kuwa watu kumi na watano waliolala.

Jambo la pili halihitaji mtaalamu. Katika madiko yetu yupo Bwana Diko, ambaye huangalia shughuli za diko na kuandika samaki wanaoshuka. Twaona ajabu kwamba tunaandika samaki wanaoshuka na hatuandiki watu wanaopanda. Apewe daftari la pili: jina la chombo na la nahodha, idadi ya watu, wanakokwenda, na saa wanayotarajiwa kurudi. Saa hiyo ikipita kwa muda utakaokubaliwa, aipige simu KMKM, ambao wana vyombo na wana watu waliofunzwa kuokoa. Madiko yaliyo mbali na mjini yataweza vile vile, maana simu ya mkononi imefika kila kijiji cha pwani.

Tunajua majibu mawili yatakayotolewa. Ofisa mmoja atasema ni rahisi zaidi kupiga marufuku kulala katika vyombo vidogo. Marufuku hiyo haitawazuia watu. Itawafanya waondoke usiku, mahali pasipo na Bwana Diko. Na wenye vyombo watasema hili ni tozo jingine linakuja. Hofu yao ina msingi, na hapa tunasimama upande wao: ukaguzi ukigeuzwa kuwa njia ya kukusanya fedha, mvuvi anayekodisha chombo chake siku chache kwa mwaka ataacha kukipeleka kukaguliwa, na watakaobaki ni wenye maboti makubwa ya watalii. Ukaguzi wa kwanza uwe bure, na kuandikishwa katika daftari kuwe bure daima. Isiwe mgeni anayekwenda Changuu kutazama makobe anavishwa jaketi, na mtoto wa Mkunazini anayekwenda kuvua na baba yake anaambiwa ashike kamba.

Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi na Mamlaka ya Usafiri Baharini zinaweza kukubaliana juu ya haya kwa kikao kimoja. Malindi panafaa kuwa mahali pa kuanzia, na daftari lifunguliwe kabla skuli hazijafungwa Disemba. Ama ndugu zetu ambao wamekwisha kulipa arbuni kwa ajili ya likizo ijayo, waende pwani wiki hii, maji yakiwa yametoka na chombo kimekaa mchangani, wamwombe nahodha mwenyewe awainulie mbao za sakafu.