"Bleach" Si Kelele Tupu

Itaje bendi ya Nirvana mbele ya wenzangu na wengi watakimbilia Nevermind, albamu ya mwaka 1991 iliyoipa sifa dunia nzima. Waulize kuhusu Bleach, iliyotoka Juni 1989, nao watakujibu, "Ah, hiyo ni kelele tupu!" Mimi pia nilikuwa kundi hilo. Likizo iliyopita niliisikiliza tena toka mwanzo hadi mwisho, na leo nimekuja kuungama.

Kwanza, tuihukumu kwa haki. Albamu hiyo ilirekodiwa mjini Seattle, Marekani, kwa dola 606 na senti 17 tu. Pesa zenyewe alizitoa Jason Everman. Hakupiga gitaa hata kwenye wimbo mmoja, lakini bendi iliweka picha na jina lake kwenye jalada. Dave Grohl, yule mpiga ngoma anayesifiwa sana, alijiunga nao mwaka 1990. Basi anayeilaumu Bleach kwa kutofanana na Nevermind ni kama anayemlaumu mtoto kwa kukosa ndevu.

Sikatai, kasoro zipo. Gitaa zinakwaruza masikio. Wimbo uitwao School una maneno machache mno, tena yanarudiwa mpaka unachoka. Lakini hebu usikilize ule unaoutangulia, About a Girl. Lo! Katikati ya makelele yale kumbe kuna wimbo mtamu wa mapenzi, ambao hata nyanya yangu angeutikisia kichwa. Nyota njema huonekana asubuhi.

Tena si maneno yangu tu. Novemba 1993, Nirvana walipoalikwa na MTV mjini New York kupiga muziki wa taratibu, walifungua na wimbo huohuo. Kurt Cobain, aliyefariki Aprili 1994 akiwa na umri wa miaka 27, hakuionea haya kazi yake ya mwanzo hata baada ya kuwa tajiri. Mbona sisi tuionee?

Nasema haya kwa uchungu. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliichana hadithi yangu ya kwanza kwa kuogopa kuchekwa. Leo ningeipata wapi nione nilikotoka? Wenzangu, zitunzeni kazi zenu za mwanzo, hata zikiwa na makosa. Wahenga hawakukosea: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.