Mvuto au Upokezi? Istilahi Moja ya Kemia Katika Mizani



Kiswahili kilichofika Tabora hakikuwa lugha ya mahaba na mawaidha pekee. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe hadi Ujiji, kilikuwa pia lugha ya vipimo. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi. Chakula cha wapagazi kiliitwa posho, na ada ambayo mtemi aliutoza msafara ili upite iliitwa hongo. Leo posho hutolewa semina, na hongo hutolewa gizani. Maneno hayo yamebadilika, lakini yalipoanza kila moja lilikuwa na kazi yake mahsusi, na aliyelikosea alipata hasara.

Nayakumbusha haya kwa sababu ya istilahi moja ya kemia. Atomu au molekuli iliyo katika hali ya gesi inapopokea elektroni ya ziada, mara nyingi hutoa nishati. Kiasi cha nishati hiyo Waingereza hukiita kwa neno "affinity", lenye asili ya Kilatini na maana ya udugu wa ndoa: ukwe na ushemeji. Wengi wetu tukiombwa kuitafsiri istilahi hiyo, tutasema upesi "mvuto wa elektroni". Naona tafsiri hiyo haifai.

Tazameni namna kiasi hicho kinavyopimwa. Mtaalamu huchanganya gesi mbili ndani ya chombo, kisha huingiza elektroni. Molekuli iliyopata elektroni huwa ioni hasi. Ikikutana na molekuli ya aina nyingine, elektroni yaweza kuhama. Baadaye yaweza kurudi. Hupokezana hivyo mpaka idadi ya kila aina itulie. Hapo ndipo spektrometa ya tungamo inapofanya kazi: huzipeleka ioni hizo, kwa mfano, katika uga wa sumaku, nyepesi zikapinda zaidi na nzito zikapinda kidogo, kisha huzihesabu kila moja kwa aina yake. Kutokana na hesabu hiyo na kiwango cha joto, hupatikana tofauti kati ya molekuli hizo mbili. Iwapo kipimo cha moja kinajulikana, cha pili hupatikana, kama vile jiwe la mizani linavyotujulisha uzito wa mzigo. Paul Kebarle na wenzake nchini Kanada walizipanga molekuli nyingi kwa njia hii katika miaka ya 1980.

Kinachopimwa, basi, ni faida ya kupokea, wala si nguvu ya kuvuta. Ushahidi ni klorini na florini. Ndani ya muungano wa kikemia, florini huivuta elektroni kwa nguvu kuliko elementi nyingine zote. Lakini atomu yake ikipokea elektroni peke yake hutoa elektronivolti 3.40, ilhali ya klorini hutoa 3.61. Mwanafunzi aliyefundishwa "mvuto" ataitanguliza florini, naye atakosa mtihani kwa kosa la mfasiri.

Napendekeza "upokezi wa elektroni". Neno hilo si geni kwetu: wahakiki wa fasihi wanayo nadharia ya upokezi, na kitenzi chake kinajulikana na kila mtoto.

Pengine mtauliza, haya yanamhusu nini mshairi? Mkoa wetu unasifika kwa asali ya miombo. Asali inayokwenda masoko ya Ulaya hupimwa mabaki ya viuatilifu, na viuatilifu vyenye klorini, kama DDT, hugundulika kwa wepesi kwa sababu molekuli zake hupokea elektroni upesi. Mfugaji nyuki anastahili kuelezwa jambo hilo kwa lugha anayouzia asali yake. Vivyo hivyo kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari na kukariri kemia kwa Kiingereza asichokielewa. Nimewafundisha vijana hao miaka mingi. Akili wanayo, maneno ndiyo waliyonyimwa.

Washairi ndio wanaojua kulipima neno kwa mizani, kulisikiliza na kulikataa likipwaya. Wanasayansi watuletee maana kamili, nasi tuwatafutie neno. "Upokezi" nimeliweka mezani. Mwenye neno zito zaidi na alilete, tulipime.