Kaye ya shimo isiachiwe mashine peke yake

Ndugu wachimbaji, mama watwangaji, na ninyi mulio nyumbani munangoja siku ya posho, leo tunataka kusema juu ya kaye ya shimo.

Kila mtu wa Mahagi aliyefanya kazi ya dhahabu anaijua. Njo mule tunaandikaka nani alishuka leo, nani alikuwa mgonjwa, PDG alitoa maharagi kiasi gani na mazutu ya motopompe litre ngapi, nani alikopa franga za dawa ya mtoto. Siku dhahabu inapatikana, kaye inafunguliwa mbele ya wote, deni zinatolewa, kinachobaki kinagawanywa. Mutu ambaye jina lake halimo, hana chake. Na udongo ukifunika mwanaume, mjane wake hana karatasi ingine ya kuonyesha kama mume wake alikuwa wa ekipe ile.

Juu ya vita, kaye mingi ziliungua ao zilibaki nyuma wakati wa kukimbia. Ndiyo maana vijana walianza kuandika katika simu, na sisi hatukukataa. Simu inaingia mfukoni. Kaye inabaki chini ya kitanda.

Sasa kintu kingine kimefika. Programu za kuandikia zimeanza kuwa na ajenti wa akili ya mashine. Ajenti tunayemjua sisi ni yule wa SAEMAPE, anakuja na miguu yake na tunamuona. Huyu mwingine haonekani. Unamuambia "panga hii liste", naye anaingia katika maandishi, anabadilisha, anaongeza, anafuta. Kampuni Notion ya Marekani ilitoa yake mwezi wa 9 wa 2025, na zingine zinafanya vile vile.

Kijana mmoja wa kamati yetu alijaribu programu ya namna hiyo. Aliiambia isafishe liste ya shimo moja. Kwa dakika moja liste ilikuwa mzuri sana, kila kitu katika mstari wake. Tulipoisoma kwa sauti, mutu mmoja akauliza: na mimi je? Kwetu Ukumu ni wengi. Mule mulikuwa Ukumu wawili, kila mmoja na baba yake, na mashine ilidhani jina limeandikwa mara mbili. Ikafuta moja. Siku 14 za kazi zikapotea kwa mutu ambaye mikono yake ilikuwa bado na malengelenge. Bahati mzuri mkubwa wa ekipe alikuwa na karatasi yake.

Mashine haikuiba, haina tumbo. Ilifanya ile iliyoambiwa. Lakini katika kaye, ukikosea unapiga mstari mmoja, jina la zamani linaonekana bado, unatia sahihi pembeni. Hata mwizi akipasua ukurasa, tunaona fasi ulipopasuliwa. Katika ile simu hatukuona alama yoyote.

Na tusidhani ni shida ya kwetu tu. Mwezi wa 7 wa 2025, kule Marekani, ajenti wa kampuni Replit alifuta data za mteja, hata kama aliagizwa asibadilishe kitu. Mkubwa wa kampuni aliomba radhi mbele ya watu wote. Mteja yule ni mutu wa biashara ya programu, na data zake zilirudishwa. Sisi nani atatuomba radhi? Na mjane atapika radhi?

Wengine watasema sendika inaogopa maendeleo. Hapana. Ni mara ngapi jasho letu lililiwa katika hesabu ya kujumlisha? Mashine ikijumlisha deni na kutuonyesha kosa la karani, ikuje. Ikimsomea liste mchimbaji asiyesoma, ikuje mbio. Ipewe kopi, iseme mawazo yake pembeni, watu waangalie. Maandishi yenyewe isiyaguse.

Na kuna jambo ambalo linatuuma zaidi. Simu ya shimo iko kwa nani? Mara mingi iko kwa PDG ao kwa mtoto wake. Kesho jina litapotea, nao watatuambia: "Ni mashine." Tunasema mapema: yule aliyeiamuru njo atajibu.

Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila mchimbaji awe na karte yake na awe katika kooperative. Basi kooperative ziandike hii katika sheria zao za ndani, kwa mkutano, wala si kwa maneno ya mdomo njiani. Mukiingoja ije kutoka Kinshasa, mutangoja sana.

Siku ya posho hii, mbele ya kugawanya, muombe liste isomwe kwa sauti, jina na jina la baba. Mwenye simu asome, mwenye kaye afuate kwa kidole.