Fungueni Kabati

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Waberi, Garissa, wiki iliyopita nilikwenda kumchukua mjukuu wangu katika darasa la chekechea hapa mtaani. Nilifika kabla ya kengele, nikasimama dirishani kumsubiri. Shule yenyewe sitaitaja. Niliyoyaona pale yanaweza kuonekana mahali pengi, na sitaki mwalimu mmoja abebe mzigo ulio wetu sote.

Mwalimu alikuwa amegawa karatasi. Ilikuwa fotokopi ya treni ya mwendokasi, yenye pua ndefu iliyochongoka, madirisha mengi madogo, na mlima nyuma yake. Kazi ya siku ilikuwa kuipaka rangi. Akauliza: nani amekuja na krayoni? Mikono sita ikainuka. Wale sita wakaitwa mbele, wakakaa mkekani karibu na ubao. Waliobaki, zaidi ya thelathini, wakaambiwa wakunje mikono wawatazame wenzao.

Wakatazama. Watoto wa miaka minne na mitano, kwa muda wa nusu saa, wakiwa na karatasi nyeupe mbele yao na mikono kifuani.

Mmoja alishindwa. Alikuwa ameketi mlangoni kabisa. Akanyoosha mkono nje, pale mpishi wa uji anapomwaga makaa yaliyozimika, akaokota kipande, akakisaga sakafuni kwa jiwe, akatia mate, akachovya kidole. Akaanza kuipaka treni yake rangi nyeusi, polepole, akifuata mstari kwa uangalifu ambao mimi mtu mzima nisingeuweza. Karatasi yake ilichukuliwa, ikachanwa mbele ya macho yake kwa kuwa ameichafua. Hakulia. Akakunja mikono kama wenzake.

Niliingia ofisini kulalamika. Kabati lilikuwa wazi, mtu akitafuta faili, na ndani nikaona katoni mbili za krayoni ambazo hata utepe wake haujakatwa. Nikauliza ni za nani. Nikaambiwa ni za siku ya wageni. Kisha kabati likafungwa, kufuli likabanwa, nikaulizwa kama nina shida nyingine.

Ndiyo, ninayo shida nyingine. Nawaandikia ninyi.

Sababu zenyewe hazina haja ya kuelezwa sana, sote tunazijua. Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti. Pesa huchelewa, vifaa vikija ni vichache, walimu wa chekechea hulipwa kidogo, na walimu wengi waliotoka mikoa mingine waliondoka kwa hofu baada ya mashambulizi ya kigaidi yaliyotuumiza. Haya. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililomkataza mtu kukata utepe wa katoni. Kufuli lile halikufungwa na adui. Limefungwa na sisi, na sisi wazazi tumepita mbele yake mwaka baada ya mwaka bila kuuliza kuna nini ndani.

Hebu tujiulize jambo moja. Mtoto wa Waberi akifika umri wa kwenda duksi, chuo chetu cha Kurani, nani humpeleka mikono mitupu? Hakuna. Baba humtafutia loh, ubao wa kuandikia, na baba akiwa hayupo, mjomba. Mjomba akishindwa, jirani. Ubao unalainishwa, kijiti kinachongwa kuwa kalamu, makaa yanasagwa na kukorogwa na maji yakawa wino. Maalim tunamlipa wenyewe, mwezi kwa mwezi, hata mwaka wa ukame mbuzi walipokwisha. Yatima hasomi kwa aibu, anasoma kwa haki, kwa sababu mwenye nacho hubeba sehemu ya asiye nacho wala hatangazi. Mimi nimezeeka katika mji huu na sijawahi kusikia mtoto ameambiwa duksini akunje mikono atazame wenzake kwa kuwa hana loh. Angeambiwa hivyo asubuhi, jioni wazee wangekuwa wamekaa kikao.

Basi mtoto yule wa makaa hakuchafua kitu. Alifanya lile alilojifunza duksini: makaa, maji, mkono, utulivu. Alileta elimu ya nyumbani kwake shuleni, ikachanwa.

Najua wapo watakaosema, mzee, watu wana njaa, wewe unalilia rangi za watoto? Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini wamekosea. Mtoto wa chekechea anajifunza kwa vidole kabla ya kujifunza kwa maneno. Kushika krayoni, kuibana, kuizuia isivuke mstari, ndiko kunakomwezesha kesho kushika penseli na kuandika jina lake. Katika rangi anajifunza majina, kuhesabu, kuchagua, na kumaliza alichoanza. Mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote 2019 umeweka kazi za ubunifu kwa watoto wa madarasa ya chekechea, PP1 na PP2, kama sehemu ya masomo, sawa na hesabu na lugha. Kumnyima mtoto rangi ni kumnyima somo. Wala si somo la wageni.

Na treni, jamani. Mnajua watoto waliiitaje ile picha? Mmoja alisema ni basi refu. Mwingine alisema ni nyoka mwenye madirisha. Wasingeweza kujua. Mji wetu haujawahi kuona reli. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita kusini, mbali nasi. Ile ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo ilipita kusini. Na mnakumbuka tarehe 2 Machi 2012, viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir, walipokutana Lamu kuzindua mradi wa miundombinu wa LAPSSET? Tuliambiwa reli itatoka Lamu, itapita Garissa, itakwenda Isiolo na kuendelea hadi Ethiopia na Sudan Kusini. Mtoto aliyezaliwa siku ile leo anabalehe, na bado hajaona hapa hata taruma moja. Kile kipande cha karatasi alichonyimwa mtoto yule ndicho kitu cha karibu zaidi na treni tulichowahi kumpa.

Kuna mengi ya kumweleza mtoto mbele ya picha kama ile, na hayahitaji pesa. Mwambieni kwamba Tanzania, tangu 2024, treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na ile yenye pua kali watu wameiita mchongoko. Mwambieni kwamba Moroko ina treni inayokimbia kilomita 320 kwa saa tangu 2018, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Afrika. Na mahujaji wa mtaa huu, mko wapi? Mmoja wenu aliyepanda treni ya Haramain, inayounganisha Makka, Jeddah na Madina kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, aketi na watoto nusu saa awaambie milango inavyofunguka, jangwa linavyopita dirishani, na namna alivyofika mji wa Mtume kabla hajamaliza tasbihi zake. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Kwa mwendo ule, saa moja na robo. Mtoto aliyewahi kushushwa kwenye basi kwa ukaguzi kule daraja la Tana, mama yake akipanga foleni na kitambulisho mkononi, ataelewa maana ya saa moja na robo kuliko sisi tulivyoelewa.

Tena mwambieni habari ya ndege. Wajapani walikuwa na treni ya kasi tangu 1964, lakini baadaye walipoongeza mwendo, treni ikiingia kwenye handaki ilisukuma hewa mbele yake, na ikitokea upande wa pili kulikuwa na kishindo cha kuamsha mitaa. Mhandisi Eiji Nakatsu, aliyependa kutazama ndege, alikumbuka namna mdiria anavyozama majini kumfuata samaki bila kurusha maji. Wakachonga pua ya treni kwa mfano wa mdomo wa mdiria, na treni hiyo ikaanza kazi 1997. Mdiria! Ndege huyo tunaye hapa, kwenye matawi ya kingo za Tana, watoto wetu humrushia mawe. Mtoto wa Waberi anaijua pua ya treni ya Japani kuliko aliyechora ile fotokopi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza, na rangi ya kumjibia imefungiwa kabatini.

Sasa nawaomba yafuatayo, na ninaomba kwa moyo mzito.

Jumatatu saa mbili asubuhi, kila mzazi mwenye mtoto wa chekechea aende shuleni kwake. Asiende kupiga kelele. Aombe kuona daftari la vifaa: kilichopokewa, tarehe gani, kimekwenda wapi. Aombe kabati lifunguliwe mbele yake. Tukienda mmoja mmoja tutaambiwa turudi kesho, kwa hiyo twende ishirini. Mama mwenye mtoto mgongoni aje naye. Mwalimu asiogope, hatumfuati yeye. Mwalimu anayepewa vipande vitatu vya krayoni kwa darasa zima amekwishadhulumiwa kabla hatujafika.

Wenye maduka Soko Mugdi, ninyi mnajua bei ya jumla. Nunueni katoni kwa pamoja, muwauzie wazazi bila faida kwa wiki moja, wiki moja tu. Wenye fotokopi mtoe asubuhi moja bure. Na vijana wetu wanaochora kuta za mikahawa na migongo ya tuktuk, mikono yenu ni hodari: tuchoreeni treni zenu wenyewe za kupakwa rangi. Chora treni inayovuka Tana. Chora stesheni yenye jina Garissa, na ngamia wamesimama pembeni wakishangaa. Mtoto atapaka hiyo kwa hamu kuliko mlima wa nchi asiyoijua.

Kina mama, hina, manjano na makaa mnavyo majumbani. Hina inatoa rangi ya machungwa iliyokolea, manjano inang'aa kama jua la saa tano, makaa ni meusi kuliko wino wowote wa dukani. Koroga kila kimoja na maji na unga kidogo, weka kwenye vifuniko vya chupa, mpe mtoto pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Rangi hiyo haihitaji zabuni.

Kina baba, nawasemesha kwa adabu lakini nawasemesha. Paketi ya krayoni kumi na mbili haifiki bei ya nusu kilo ya miraa. Sina la kuongeza hapo. Kila mtu aende na nafsi yake.

Kuna pia jambo la baraza. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka pesa za umma zipangwe kwa uwazi na kwa kushirikisha wananchi. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa uwe umefikishwa kwenye bunge la kaunti, na kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti. Kabla ya tarehe hizo huitwa vikao vya maoni. Sisi huwa tunakwenda, tunasema barabara, tunasema maji, tunasema mifereji ya mafuriko, na ni haki. Safari hii mtu asimame aseme vifaa vya chekechea, aseme kwa idadi ya watoto, aseme liandikwe, kisha atake kusomewa kilichoandikwa. Mwakilishi wetu wa wadi tumuulize kwa heshima, na tumuulize tena.

Na ninyi mlio Eastleigh, Minneapolis, London, mliosomea hapa mkaondoka: mnajua mnachoweza.

Waberi maana yake ni alfajiri, kila Msomali anajua. Tumeupa mtaa huu jina hilo, kisha ndani yake tunakalisha watoto wamekunja mikono. Hili ni kosa letu na lazima likome muhula huu. Tusingoje muhula ujao, wala wageni. Yule mtoto wa mlangoni anahitaji kurudishiwa karatasi yake, nyingine mpya, na aliyeichana ampe kwa mkono wake, na sisi tuwepo.

Ijumaa hii baada ya swala nitasimama mlangoni mwa msikiti na kikapu. Lete krayoni, lete penseli, lete shilingi ishirini, lete hina. Kama huna kitu, Jumatatu saa mbili njoo tusimame pamoja mbele ya kabati.