Misuli Haijengwi kwa Kitambi

Kuna uongo unaowatafuna vijana wetu wa Mai Mahiu, na nimechoka kuusikia ukirudiwa kana kwamba ni sheria. Eti ukitaka misuli, lazima kwanza ujifure: ule kupita kiasi miezi minne au sita hadi shati likatae kufungika, kisha ujinyime chakula miezi mingine ili mafuta yayeyuke. Wanaiita misimu ya kujaza na kukata. Nasema wazi: kwa mpakiaji, taniboi, mtu wa boda na mwanafunzi anayebeba vyuma jioni, misimu hiyo si lazima. Ni kupoteza pesa, na kwa wengine ni kuharibu afya.

Ingia kwenye jimu za mabati nyuma ya maegesho ya matrela. Vyuma vyenyewe ni mikebe ya rangi iliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Utamkuta kijana wa kilo 65 aliyeshinda akipakua saruji. Anapiga kifua seti tatu kwa uzito uleule wa mwaka jana, kisha anavuka barabara kula chipsi sahani mbili na soda. Muulize, atakwambia, "Niko kwa kujaza." Miezi ikipita, kilichojaa ni tumbo. Mikebe haijaongezwa hata kilo moja.

Hapo ndipo penye kosa. Misuli hukua pale inapodaiwa kazi zaidi ya iliyozoea: uzito uongezeke, au marudio, au seti, wiki baada ya wiki. Dereva yeyote aliyepita mizani ya Gilgil anajua kwamba kuzidisha tani kwenye trela hakuongezi nguvu ya injini. Chakula cha ziada kisichodaiwa na mazoezi mwili hukiweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta.

Wala haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2013, watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wanamichezo wa kiwango cha juu waliofanya mazoezi ya nguvu. Kundi moja lilielekezwa kula kuliko mahitaji, jingine likala lilivyojisikia. Walioelekezwa kula zaidi waliongeza mafuta kwa takriban asilimia 15; wenzao, asilimia 3. Katika misuli, tofauti kati ya makundi hayo haikuwa ya kutegemewa. Mwaka 2016, Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilionyesha jambo linalowaumbua kabisa wahubiri wa misimu. Vijana wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa asilimia 40 huku wakifanya mazoezi makali wiki nne. Waliokula protini nyingi walipoteza kilo 4.8 za mafuta na, wakati huohuo, wakaongeza takriban kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Basi mwenye kitambi anajazia nini tena?

Misimu hii ilitoka kwa watunisha misuli wa mashindano. Mtu mwenye tarehe ya kupanda jukwaani ana sababu ya kujikausha kwa siku hiyo moja. Wewe jukwaa lako ni lori la saruji kesho alfajiri. Ukijinyima chakula kwa kazi hiyo, nguvu zitakuishia na misuli inaweza kupungua.

Sisemi mtu ajinyime. Kijana mwembamba anayechoma nguvu zake mchana kutwa lazima ale vizuri, hata aongeze kidogo juu ya mahitaji yake. Kuongeza kidogo ni busara. Kujifura ni upuuzi. Uchambuzi wa tafiti 49 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa faida ya protini kwa misuli kwa wastani hukoma karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 65 ni gramu 104. Zipatie hapahapa: mayai matatu, maziwa nusu lita, vikombe viwili vya maharagwe yaliyopikwa, ugali wa kushiba na omena kavu gramu 50. Umefika. Hakuna mkebe wa unga wa kunenepesha uliohitajika, na usingizi wa kutosha haulipiwi.

Linaloniudhi zaidi ni vidonge. Kijana akiona chakula hakimjazi haraka, anauziwa deksamethasoni au siproheptadini. Ya kwanza ikitumiwa ovyo humvimbisha mtu kwa maji na mafuta, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na hula hiyo misuli anayoitafuta. Ya pili ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, na pia huleta usingizi. Usingizi kwa dereva anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa! Anayeviuza kama njia ya kujenga mwili anacheza na roho za watu.

Kwa hiyo, ndugu, kocha akikuambia uanze kujaza, mwombe daftari. Akuonyeshe uzito ulioinua mwezi uliopita, unaoinua leo na utakaoinua mwezi ujao. Akuulize unalala saa ngapi na asubuhi ulikula nini. Akikosa majibu na badala yake akakutolea mkebe wa unga au pakiti ya vidonge, usimlipe hata shilingi.