Likoma Si Mchanga na Jua Tu

Ndugu mwandishi mmoja anashauri kwamba anayetaka kisiwa chenye historia, wanyama na mandhari aende Scotland, eti visiwa vya Ziwa Malawi vina mchanga na jua tu. Sisi wa Area 23, hapa Lilongwe, tunakataa.

Iona, huko Scotland, ni kisiwa kitukufu, sibishi. Mtakatifu Columba alifika huko mwaka 563. Lakini Likoma, kisiwa cha Ziwa Malawi, pana Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa 1903 na wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), wale wale waliojenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa na soko la watumwa. Tena David Livingstone, aliyefika ziwani 1859, ukoo wake ulitoka Ulva, kisiwa kidogo cha huko huko Scotland. Atasifuje visiwa vya Scotland, Likoma airuke?

Wanyama? Msafiri ainame penye miamba, maji yakiwa yametulia, awatazame samaki waitwao mbuna: bluu, manjano, wengine wenye milia. Jike hubeba mayai yake mdomoni, na yakishaanguliwa huendelea kuwabeba watoto, wiki kadhaa, karibu bila kula. Wengi wa samaki hawa hawapatikani ziwa jingine lolote duniani.

Kinachoikwamisha Likoma ni usafiri. Mwandishi aandike juu ya meli na nauli, tutamuunga mkono. Aandike pia juu ya rafiki zetu Wakongo na Warundi walioko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wanaoishi nchi moja na ziwa hili lakini hawaruhusiwi kutoka kambini kwenda kuliona bila kibali.