Tafakuri haiuzwi steshenari

UBAONI, na Mwanahawa Kiboga

Jumanne nilikwenda steshenari kutoa kopi ya hati ya kiwanja. Nilirudi na hasira ambayo mpaka naandika haya haijapoa.

Foleni yote ilikuwa ya wanachuo wa ualimu wa elimu ya awali, ndiyo kwanza wametoka kwenye mazoezi ya kufundisha shuleni, BTP. Kila mmoja alidaiwa mkoba wa kazi: maandalio ya masomo, picha za zana, daftari la tafakuri na, mwishoni, ukurasa wa ahadi binafsi za mwalimu. Kijana wa kwenye kompyuta alikuwa na faili moja tu. Anafuta jina, anaandika la anayefuata na namba yake ya usajili, anachapa, anabana. Elfu tatu.

"Naweza kusoma?" nikamuuliza.

"Soma tu, mama. Hii ndo inayopita."

Nikasoma nimesimama. Somo limefundishwa vizuri. Watoto wamefurahia. Changamoto ni uhaba wa zana. Nitajitahidi kutumia zana zitokanazo na mazingira. Kurasa kwa kurasa za maneno hayo, na ndani yake hakuna mtoto hata mmoja aliyefanya kitu. Hakuna aliyegoma kucheza, hakuna aliyeng'ang'ania vizibo vya kuhesabia, hakuna aliyeuliza kwa nini mwezi unatufuata. Kwenye ukurasa wa ahadi nikakuta: "Nitakuwa mwalimu mahiri, mbunifu, mpenda watoto na mwenye kuzingatia maadili ya taaluma yangu." Ahadi ya namna hiyo utamshika nayo nani Jumatatu asubuhi?

Nyuma yangu alisimama binti mmoja amekumbatia kaunta buku lililochakaa pembe. Akanipa shikamoo. Nilipomuuliza kama naye anasubiri lile faili, aliinamisha kichwa, kisha akanifungulia kaunta buku lake.

Alikuwa amepangiwa shule moja ya milimani Usambara. Siku moja ameandika kwa mkono: "J. hajasema neno wiki nzima. Leo nimemwita mbele mara tatu ataje rangi. Akajikojolea. Nadhani nimemtisha." Kurasa mbili mbele: "Nimemsikia J. kwenye bembea akimsimulia binamu yake kwa Kisambaa, haraka haraka, anacheka. Kumbe anasema. Kiswahili changu ndicho kinachomfunga mdomo." Halafu ahadi zake: "Sitamwita mtoto mbele ya darasa kabla hajanizoea. Nitajifunza kusalimia na kutaja rangi kwa Kisambaa. Nitakaa mkekani na J. kila siku kabla ya uji."

Chini yake kulikuwa na wino mwekundu wa mkufunzi: "Tafakuri si hadithi. Andika kitaalamu. Ahadi hazijitoshelezi." Alama nane kwa ishirini.

Na binti huyu, mwenye kurasa hizo mkononi, alikuwa kwenye foleni ili alipe elfu tatu afanane na wenzake.

Hiyo mkufunzi anayoiita hadithi ndiyo kazi yenyewe! Mwalimu ameona, amejishuku, amesikiliza tena, amegundua tatizo liko kwake, amebadili atakachofanya kesho yake. Huko Reggio Emilia, mji wa Italia ulioanza kujenga shule zake za awali vita vilipokwisha mwaka 1945, wamepata sifa dunia nzima kwa jambo hilohilo: mwalimu anaandika maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, anapiga picha kazi yake, anabandika ukutani, kisha walimu wanakaa kujadiliana mtoto alikuwa anatafuta nini. Nilimuuliza binti kama amewahi kusomeshwa habari za Loris Malaguzzi, aliyeongoza shule zile. Hajawahi. Mambo hayo aliyafikia mwenyewe, juu ya mkeka wa shule ya kijijini, na chuo chake kikampa nane.

Simlaumu kijana wa steshenari, wala siwalaumu wanachuo. Nalaumu usahihishaji. Mkufunzi anahesabu vipengele kama vipo, anaangalia kurasa kama zinatosha, anaweka sahihi. Mwanachuo ana akili zake. Akiona ukweli umepata nane na uongo umepata kumi na saba, atanunua uongo. Na mazoea hayo hayabaki chuoni. Chini ya andalio la somo kuna nafasi ya maoni ya mwalimu, na wangapi wameshaijaza "wanafunzi wengi wameelewa" kabla kengele ya kipindi haijalia? Jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniambia yeye aliijaza jioni, akiwa nyumbani, maana darasani mtu hajioni.

Kiwango rasmi cha darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, darasa lenye zaidi ya mia halimshangazi mtu, na wapo wanaoutumia wingi huo kulitetea faili la steshenari: katika mia, utamwandika nani? Utamwandika J. Yule hapigi kelele, hagombani, halii, hamsumbui mtu. Asipoandikwa, mwaka utakwisha hakuna aliyemwona, ataingia darasa la kwanza na kimya chake, na huko wataamua kwamba ni mzito. Mtoto wa miaka mitano atakuwa amehukumiwa kwa sababu mtu mzima hakuandika sentensi mbili.

Nchi imeanzisha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ili walimu wakutane shuleni kwao wazungumze yaliyowashinda darasani. Atazungumza nini pale mtu aliyefundishwa chuoni kwamba anayesema "nimemtisha mtoto" anakatwa alama?

Nilimwambia binti asichapishe. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, nikifeli?" Mimi si mtahini, sikuwa na la kumwahidi. Akabaki kwenye foleni.

Wakufunzi, swali lake nimewaletea ninyi. Mnaodai ahadi binafsi za wanachuo, tuonyesheni zenu: ni mwanachuo gani aliyewashinda muhula huu, ninyi mlikosea wapi, na mmebadili nini tangu hapo. Ukurasa mmoja wa mkono unatosha, na msiuchape steshenari. Wa kwanza atakayeniletea, safu hii ya wiki ijayo ni yake yote.